Aliyebaki Kambini

Yapo maswali ambayo mtu huyajibu upesi akiwa kijana, na akifika makamo huona kuwa hakuyajibu bali aliyakimbia. Moja katika maswali hayo ni hili: mtu anayepika chakula, anayechota maji, anayebeba mzigo na kuulinda moto, ili mwenziwe apate kuchunguza jambo na kulitangaza ulimwenguni, je, ana fungu katika jambo lile, au haki yake hukoma pindi apokeapo ujira? Nimelikimbia swali hili kwa muda wa miaka kumi na mitano. Nimerudishwa kwake na neno moja dogo la Kiswahili, nalo nitalitaja mahali pake.

Wanafunzi wetu hufundishwa kwamba kilele cha Kibo kilifikiwa tarehe 6 Oktoba 1889 na Hans Meyer, mwanajiografia wa Leipzig, pamoja na Ludwig Purtscheller, mpanda milima wa Austria. Mafundisho hayo ni ya kweli, lakini kambi yao ya juu haikuwa kambi ya watu wawili. Ilikuwa ya watu watatu. Wa tatu alikuwa mtu wa Pangani, na Meyer mwenyewe, katika kitabu alichokitoa baada ya safari, anamtaja kwa jina la Muini Amani. Yamkini neno lile la kwanza ni mwinyi letu, ambalo watu wa pwani hulitumia kwa mtu wa heshima. Basi tuwe radhi kumwita Mwinyi Amani. Wapagazi wengine waliachwa chini, wakawa wanapanda kuleta chakula na kuni. Yeye peke yake alikaa na wale wawili katika mwinuko wa mita zipatazo 4,300.

Waliopanda mlima ule wanaijua nchi hiyo. Ni jangwa la mawe na upepo kati ya Kibo na Mawenzi. Mti hauoti, ndege ni wachache, na rangi ya ardhi hufanana na rangi ya majivu. Mchana jua huchoma ngozi na usiku maji huganda chomboni. Kichwa huuma, usingizi hukimbia, chakula hupoteza ladha. Mpishi ana taabu yake ya pekee ambayo mtaalamu haioni: kwa kuwa hewa ni nyepesi, maji huchemka kabla ya kupata moto wa kutosha, hata maharage yakakataa kuiva. Kuni za kambi ile hazikuokotwa pale, maana hazipo pale. Kila ukuni ulipandishwa kwa mgongo au kichwa cha mtu. Mtu wa Pangani, aliyezaliwa penye minazi na joto la bahari, aliuwasha moto wake kwa kuni za kuhesabu, akangoja.

Neno hili la kungoja huonekana jepesi. Tarehe 3 Oktoba wale wawili walipanda hadi ukingoni mwa shimo la mlima, wakaona kuwa kilele chenyewe kiko mbali kuliko walivyodhani, wakarudi. Baada ya siku tatu walifika juu. Katika nafasi ile kati ya kushindwa na kushinda walirudi wapi? Walirudi penye hema lililosimama, moto uliowaka na chungu kilichokuwa mekoni. Kama wangalikuta hema limeachwa na majivu yamepoa, safari ya pili isingalikuwapo, na historia ingalitaja jina la mtu mwingine na mwaka mwingine. Na kama wasingalirudi kabisa, ni yeye ambaye angalilazimika kushuka peke yake na habari mbaya, akaulizwa maswali na watu wasiomwamini.

Kiswahili kina hekima katika vitenzi vyake ambayo sisi walimu wa sarufi huipita upesi kwa haraka ya mtihani. Kufika ni tendo la mtu mmoja. Kufikisha ni tendo la watu wawili angalau, na anayefikisha si lazima afike. Wawili walifika Kibo, mmoja aliwafikisha. Lugha imempa nafasi ndani ya tendo lenyewe kwa silabi moja tu, ambapo vitabu vingi vimemwacha nje.

Miaka ishirini na miwili baadaye jambo kama hili lilitokea tena, mahali penye baridi zaidi. Roald Amundsen wa Norwei, pamoja na wenziwe wanne, waliifikia Ncha ya Kusini ya dunia tarehe 14 Desemba 1911. Nyuma yao, katika nyumba ya mbao iliyozikwa thelujini, mahali walipopaita Framheim, walimwacha mpishi wao Adolf Lindstrøm. Watu wengine watatu walikuwa wamekwenda upande wa mashariki kwa kazi nyingine, hivyo kwa muda mpishi yule alikaa peke yake na mbwa waliosalia. Waliporudi mwezi Januari 1912, alfajiri, alikuwa amelala. Wakaingia kimya, na jambo ambalo Amundsen alimwuliza, baada ya safari ile ambayo ulimwengu mzima ulikuwa ukiisubiri, ni kama kuna kahawa.

Napenda sana habari hii ya kahawa. Naona ndani yake heshima kubwa kuliko nishani, kwa sababu mtu huuliza hivyo nyumbani kwake tu.

Lindstrøm anajulikana nchini mwao, ameandikwa na kusifiwa, na Amundsen mwenyewe hakuwa mchoyo wa sifa zake. Mwinyi Amani hajulikani hata Pangani. Je, sababu ni rangi na wakati? Kwa sehemu kubwa, ndiyo, na si haki kuificha. Barafu za Kibo zimepewa majina ya wageni: Rebmann, Ratzel, Kersten, Decken, Credner, Drygalski, Furtwängler. Kilele kiliitwa kwa jina la mfalme wa Ujerumani, na baada ya nchi kupata uhuru wake kikaitwa Uhuru. Lakini sababu ya pili iko karibu nasi zaidi. Norwei walimwandika mpishi wao kwa kuwa walimhesabu kuwa mwenzao katika kazi. Sisi wenyewe hatujamwandika wetu. Tumelirithi jicho la Meyer, ambalo angalau lilimwona akatajwa, kisha tukalipunguza nuru.

Hapa sina budi kusimama mbele ya jambo gumu. Mwezi Julai 1889, miezi mitatu kabla ya siku ile ya Kibo, mji wa Pangani ulitekwa na jeshi la Wissmann. Mwezi Desemba mwaka huo huo Bushiri bin Salim alinyongwa pale pale Pangani. Mwinyi Amani alikuwa akimpikia Mjerumani wakati Wajerumani wameushika mji wake. Kama namtaka apewe fungu la heshima ya kufika, je, nitamwondolea fungu la lawama ya yale yaliyofuata, bendera, jina la mfalme na mengineyo? Naona haiwezekani kuligawa fungu kama mtu achaguavyo mapande ya nyama. Anayeshiriki hushiriki. Ila lawama hupimwa kwa uhuru aliokuwa nao mtu, na heshima hupimwa kwa uzito wa alichokibeba, na vipimo hivi viwili si kimoja. Uhuru wa mpagazi mwaka 1889 ulikuwa mdogo. Mzigo wake haukuwa mdogo.

Tusidhani kwamba habari hizi ni za kale. Katika bara la Antaktika leo vipo vituo vya utafiti ambavyo mataifa yamevijenga kwa ajili ya elimu. Wamarekani wana kituo kwenye Ncha ya Kusini yenyewe, kilichoanzishwa 1956 na 1957 na kupewa majina ya Amundsen na Scott. Jua huzama pale mwezi Machi na halichomozi mpaka Septemba. Tarehe 23 Juni 1982 baridi ilifika nyuzi 82.8 chini ya sifuri katika kipimo cha Selsiasi. Kwa miezi mingi ya giza ndege hazifiki, na aliyemo hatoki. Katika kituo kikubwa cha McMurdo, ukingoni mwa bara hilo, wengi wa wakazi si wataalamu wa nyota wala wa barafu. Ni wapishi, mafundi bomba, mafundi umeme, madereva wa matingatinga, wafua nguo, wasafisha vyoo. Elimu yote itokayo kule hupita kwanza mikononi mwao, kwa maana ya kwamba mtaalamu asiyepata maji ya kunywa na nyumba yenye moto hataandika hata mstari mmoja.

Na Kibo nacho kiliwahi kuwa kituo cha namna hiyo. Mwaka 2000 profesa Lonnie Thompson wa chuo kikuu cha Ohio aliweka kambi juu ya mlima, akatoboa barafu na kutoa vipande sita virefu vya mviringo kama mihimili. Matokeo yalitangazwa mwaka 2002: barafu ya chini kabisa ilikadiriwa kuwa na umri wa miaka ipatayo 11,700, na barafu ya Kibo ilikuwa imepungua kwa asilimia 80 hivi tangu 1912. Ulimwengu ulishtuka, na ulikuwa na haki ya kushtuka. Lakini mitambo ile haikupanda yenyewe, wala barafu ile haikushuka yenyewe. Walikuwapo wapagazi wapatao tisini. Wazia kazi hiyo, msomaji: kubeba juu ya kichwa kumbukumbu ya mvua na ukame wa miaka elfu kumi na moja, na kuishusha kabla haijayeyuka. Kama mmoja wao angaliketi njiani kupumzika juani kwa muda mrefu, karne kadhaa zingalitoka sandukuni zikiwa maji.

Rafiki yangu mmoja, mtu wa biashara, nilipomweleza mawazo haya alicheka. Akasema: aliyekuuzia kuni hana haki ya kula wali wako. Mpagazi aliuza nguvu, akalipwa. Mpishi aliuza siku zake, akalipwa. Na mkataba ukiisha kila mtu aende kwake. Hoja hii si ya kudharauliwa. Wengi huishi kwa hoja hii na ni watu wema, hulipa kwa wakati, hawapunji. Mimi nami niliishi nayo.

Walakini nimeigeuza mara nyingi nikaona ina tundu. Kuni hazina hiari ya kuondoka. Mtu aliye kambini anayo hiari hiyo kila usiku. Njia ya kushuka iko wazi mbele yake, kule chini kuna migomba, moto na watu wake. Naye, juu ya baridi na kichwa kinachouma, huamua tena kukaa. Ujira umenunua kupika kwake. Haukununua kubaki kwake, kwa sababu hakuna ujira ambao ungalitosha kukununua, na kwa sababu mwenye kulipa hakujua kuwa alikuwa akikihitaji mpaka alipokikuta. Katika nchi ya baridi kali na upweke, kazi yenyewe ni sehemu ndogo ya kazi. Sehemu kubwa ni kutokuondoka. Na kitu kilichotolewa bila kununuliwa hakiwezi kufutwa kwa stakabadhi.

Najua pia hatari ya upande wa pili. Wapagazi wa Kilimanjaro, ambao wenyewe kwa wenyewe huitana wagumu, wamekwisha kuchoka na sifa. Wageni huwaimbia, huwapiga picha, huwakumbatia langoni, na baada ya hapo mmoja hushuka na viatu vilivyotoboka na malipo yaliyopunguzwa. Hifadhi imeweka kiasi cha mzigo kuwa kilo 20, na mgumu anayetwishwa kilo 30 hana haja ya kuambiwa kuwa yeye ni mshiriki wa elimu. Anataka kilo kumi zishuke. Sifa inayotangulia malipo ni dhihaka. Kwa hiyo nasema haki ya jina huanza pale haki ya mshahara inapokwisha kutimizwa, wala haiji badala yake. Mwanza hapa tunao mfano. Speke alipoliona ziwa letu tarehe 3 Agosti 1858, akalipa jina la malkia wake kana kwamba waliokuwa wakilivua hawakuwa wakiliita Nyanza, alikuwa pamoja na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuuzwa utumwani mpaka Bara Hindi. Shirika la Jiografia la London lilimpa Bombay nishani ya fedha, na mwaka 1876 likamwekea malipo ya uzeeni. Nishani huvaliwa na malipo huliwa, naye alipata vyote viwili. Sijui kwa nini jambo hilo limekuwa adimu tangu siku zile, wakati tumeongeza vyuo na makatibu wa kuandika barua.

Sasa nifike kwenye neno lenyewe. Ninakaa Igoma. Wanaokaa Igoma wanajua habari ya majina kuliko watu wengi, kwa maana hapa ndipo walipozikwa waliokufa meli ya MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, na wengi kati yao walizikwa pasipo kutambuliwa. Napita karibu na makaburi yale mara kwa mara. Mtu aliyeyazoea makaburi yasiyo na majina angepaswa kuwa mwangalifu kwa majina ya walio hai. Sikuwa.

Nilipokuwa nikiandika tasnifu yangu ya udaktari nilikaa Ukerewe miezi mitatu nikikusanya hadithi za wazee. Mtu mmoja wa kule, mwenye umri wa kunizaa, alinipikia, akanipigia makasia kutoka kisiwa hata kisiwa, akanibebea kinasa sauti na betri. Nilimlipa kwa siku, kwa hesabu safi. Kazi hiyo niliinunua. Lakini yeye ndiye aliyekuwa akiingia kwanza katika nyumba ya mzee, akaketi, akazungumza habari za mvua na samaki nusu saa nzima, mpaka mzee akawa radhi kunikaribisha. Yeye ndiye aliyeninong'oneza jioni moja kwamba hadithi niliyosimuliwa mchana ilikuwa imetiwa sukari kwa ajili ya mgeni, nami nikairudia nikapata iliyo ya kweli. Na katika juma la mwisho, mzee mmoja alipokuwa mgonjwa sana na hadithi yake ndefu haijaisha, nilimwomba mwenzangu huyu tusiondoke kisiwani. Mkewe alikuwa karibu kujifungua. Alitazama ziwa, akasema, "Haya, Mwalimu." Mtoto alizaliwa siku ya pili ya juma lile, na baba yake hakuwapo.

Katika dibaji ya tasnifu niliwashukuru maprofesa wangu kwa majina na vyeo, nikaishukuru maktaba, nikawashukuru wazee wasimulizi mmoja mmoja. Kisha nikaandika maneno ambayo kila mtafiti wetu huyaandika, nami nimeyaacha yapite katika kazi za wanafunzi wangu mara zisizohesabika: na wote walionisaidia kwa njia moja au nyingine. Mtu aliyeuacha uzazi wa mkewe aliwekwa katika "nyingine".

Mwaka jana nilimkuta sokoni Igoma. Amehamia kwa mwanawe, anauza dagaa, na macho yake yamepungua nguvu. Nilimwamkia, akaniitikia kwa furaha, akaniuliza habari za nyumbani, za kazi, za wazazi. Halafu akauliza, "Mwalimu, kile kitabu chetu kilitoka?"

Chetu. Hakukisema kwa kudai. Mtu anayedai huinua sauti, naye aliuliza kama mtu aulizavyo habari za shamba alilolima na nduguye kisha akasafiri. Mimi ninayefundisha vimilikishi kwa miaka yote hii, niliyesahihisha mamia ya karatasi juu ya changu, chako, chake, nilisimama mbele ya fungu la dagaa nikakosa la kujibu. Nikasema kilitoka zamani. Nikasema nitamletea. Nikanunua dagaa wengi kuliko tulivyohitaji nyumbani, jambo ambalo pia lilikuwa njia ya kukimbia.

Ilinichukua majuma matatu kwenda. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kuomba radhi, na nimeandika jina lake kwa mkono wangu katika nakala ile, juu ya ukurasa wa dibaji, na nia ya kulichapisha hadithi zitakapotolewa kitabu. Nilimfungulia pale. Alilitazama jina lake kidogo, akatikisa kichwa kwa adabu, akafunua kurasa mbele upesi kama atafutaye kitu. Aliitafuta hadithi ya yule mzee mgonjwa. Mjukuu wake akaja kumsomea, yeye akisikiliza na kichwa kimeinama.

Katikati ya ukurasa wa tatu alimzuia mtoto kwa mkono. "Hapa si hivyo," akasema. "Mzee hakusema ziwa lilikauka. Alisema lilirudi nyuma, kama mtu aliyeona aibu. Mimi nilikuwapo. Wewe, Mwalimu, ulikuwa nje unabadilisha betri."

Nikatoa kalamu. Akayasema maneno ya mzee polepole, kwa Kikerewe kwanza kisha kwa Kiswahili, nami nikayaandika pembeni mwa ukurasa. Kisha akamwambia mtoto aendelee.